Kupamba Chumba na Bafu la Kibanda cha Kando ya Ziwa: Nilichojifunza kwa Unga Ulioanguka Kitandani

Najua wengi wenu mlikuwa mnasubiri mwendelezo wa makala ya mihogo. Utakuja, msijali. Leo naomba tuzungumze kuhusu jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utasema Bwana Shamba kaacha kilimo kaingia kwenye upambaji. Sijaacha. Ila miaka hii ya karibuni, kila nikipita vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, hasa huku Ukerewe, lazima nikutane na mkulima mmoja au wawili wamejenga, au wanataka kujenga, kibanda cha wageni pembeni ya shamba. Swali linakuwa lile lile: "Bwana Shamba, hiki chumba nikipambe vipi kivutie, na hela sina?"

Stashahada yangu ni ya kilimo, sio ya upambaji wa nyumba. Kwa hiyo haya ninayoandika sikuyasoma darasani. Nimeyapata kwa kukosea, na kosa lenyewe lililipiwa na mtu mwingine, sio mimi. Ndio maana nayaandika.

Ilivyoanza

Kuna mama mmoja ana shamba la michungwa, ekari kama mbili hivi, linateremka taratibu kuelekea ziwani. Wenyeji wa huku mnajua shida ya machungwa. Yakiiva, yanaiva ya kila mtu. Bei inaanguka, na mzigo lazima uvuke maji kwenda sokoni. Ukichelewa kivuko, gunia linaanza kuoza ukiliangalia. Mama huyu alichoka. Akasema anataka kitu kitakachomwingizia hela hata msimu ukiisha.

Akakopa kwenye VICOBA shilingi 2,500,000, akadhaminiwa na wenzake wanne, majirani anaochota nao maji kila siku. Akajenga kibanda cha vyumba viwili na bafu moja. Tofali za kuchoma, bati, baraza dogo linaloangalia ziwa. Ujenzi ulikwenda vizuri. Hela ikabaki kidogo sana kwa ajili ya ndani.

Mtoto wa dada yake akamwonyesha picha kwenye simu: vile vibanda vya magogo vya kando ya maziwa ya Marekani na Canada. Ukuta wa magogo, kitanda cha magogo, zulia zito la manyoya sakafuni, pembe za wanyama ukutani, pazia nene. Akazipenda. Akanipigia: "Baba, njoo unisaidie mawazo, mimi nataka cha asili kama hiki."

Nikaenda, na hapo ndipo nilipojifanya mjuaji. Nikamwambia asinunue kichwa cha kitanda dukani, ni hela ya bure. Jirani ana mianzi, na yeye mwenyewe ana mikaratusi mpakani mwa shamba. Nikasema akate, aunganishe, na miti aiache na magome yake, itapendeza kama ile ya kwenye picha. Tukakata Jumamosi. Jumatatu fundi akapigilia. Ilipendeza kweli, wala sidanganyi. Tulipiga picha.

Unga kitandani

Miezi mitatu baadaye, simu yake ikaita alfajiri. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Bwana Shamba, wageni wameondoka saa sita usiku. Wanasema kitanda kinawamwagia unga."

Siku nyingine huniita baba. Siku ile nilikuwa Bwana Shamba.

Nilipofika nikakuta shuka nyeupe, na upande wa mito kumetapakaa unga laini kama wa muhogo. Kwenye mianzi kuna vitundu vidogo vya mviringo, vingi mno. Ukigonga kwa kidole, unga unamwagika. Nikageuka ukuta wa pili. Ulikuwa wa mkeka tu, na nyuma yake ndiko alikokuwa anahifadhi makopa ya muhogo na mahindi. Nikafungua gunia moja la makopa. Dumuzi.

Ndugu mkulima, mimi nimesimama mbele ya vikundi mara nyingi nikifundisha kuhusu dumuzi, yule ambaye wengine humwita Skania. Nimewaeleza kwamba alikuja kutoka Amerika ya Kati, akaanza kusumbua nchini kwetu upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na kwamba anamaliza mahindi na makopa ghalani. Nimewaeleza pia kuwa anaweza kuishi kwenye miti na mbao, ndiyo maana tunasisitiza ghala la miti lisafishwe kabla ya kuingiza mavuno. Ukoo wake wote ni wa wadudu watoboaji mbao, na aliye kwenye mianzi ni ndugu yake. Wote wanatafuta kitu kimoja: wanga. Muanzi mbichi uliokatwa leo umejaa wanga. Mti wenye magome unaficha mayai na unachelewa kukauka. Haya yote nilikuwa nayajua. Sikuyakumbuka kwa sababu nilikuwa chumbani, sikuwa ghalani.

Mama alitaka kuchukua ile dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi ainyunyize kwenye kitanda. Nikamzuia. Dawa ile imetengenezwa kwa ajili ya nafaka na kwa kipimo chake. Mahali anapolala mtu pua ikiwa kwenye mto sio mahali pake. Oili chafu ya gari nayo, ambayo wengi wetu hupaka nguzo za uzio, usiilete ndani. Harufu haiishi na sio salama kwa mtu kuivuta usiku kucha.

Tulitoa mianzi yote na miti yote yenye magome, tukachoma moto siku ile ile. Wale wageni alikuwa amewarudishia hela yao. Rejesho la VICOBA la mwezi ule lilipelea, na mmoja wa wadhamini wake akamjazia. Hilo la mwisho sikuambiwa na mama. Niliambiwa na mdhamini mwenyewe, sokoni, mbele za watu.

Basi tukaanza upya. Safari hii taratibu.

Kabla ya pambo, unyevu

Zile picha za Marekani na Canada hazikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba sisi tulinakili vitu, tukaacha wazo. Wale watu kule wanapambia magogo kwa sababu misitu ya misonobari iko mlangoni kwao. Wanaweka zulia la manyoya kwa sababu baridi yao ni kali. Yaani wametumia kilicho karibu kutatua shida waliyonayo. Sisi huku shida yetu sio baridi. Ni unyevu, wadudu na joto la bati. Pambo la kibanda cha ziwani huku kwetu lianzie kwenye hizo tatu.

Kwanza angalia ulipojenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu wengi hulalamika kwamba mgeni anataka kuamka na kukanyaga maji. Lakini mliokuwepo mwaka 2020 mnakumbuka ziwa lilivyopanda, na nyumba ngapi za chini zilivyoingia maji. Mita 60 zinamlinda pia mwenye nyumba.

Pili, unyevu unaopanda kutoka chini. Kama fundi hakuweka ile karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, ukuta utanyonya maji, na rangi ya mafuta utakayopaka itabanduka kama ngozi ya nyoka. Ukuta wa namna hiyo upake chokaa. Chokaa inaruhusu ukuta upumue, ni nyeupe, inaangaza chumba, na ikichafuka unapaka tena kwa hela kidogo. Unapoichanganya na maji kinga macho na mikono, inaunguza.

Tatu, hewa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kwa hiyo chumba kiwe na matundu pande mbili zinazotazamana, yote yakiwa na wavu wa mbu. Chumba chenye dirisha moja kitanuka ukungu hata ukipambe kwa dhahabu.

Chumba cha kulala

*Kitanda.* Mama alikuwa na fremu ya mbao za paini zilizokauka vizuri. Hiyo tuliiacha. Tuliipiga msasa, tukapaka vanishi mara mbili, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoiba: wanapaka sehemu inayoonekana tu. Mdudu hatagi mayai kwenye sehemu inayoonekana tu. Paka chini ya kitanda, paka chaga, paka ncha za mbao zilizokatwa. Vanishi inaziba vinyweleo vya mbao.

*Kichwa cha kitanda.* Tuliweka mkeka wa mafunjo uliosukwa na akina mama wa kijiji kile kile, ukafungwa kwenye fremu ya mbao kavu. Ukichafuka au ukiota ukungu, unaubadilisha siku hiyo hiyo. Ushauri wangu sasa ni huu: kitu cha asili ukiweke kwa namna ambayo unaweza kukitoa bila kubomoa.

Ukitaka mianzi kwa lazima, basi kata iliyokomaa, ya miaka mitatu na kuendelea, sio ile laini ya kijani. Iloweke majini wiki kadhaa ili wanga utoke, kisha ikaushe kivulini ikiwa imesimama. Ukiona haraka, acha mianzi. Miti ya mkaratusi imenye magome siku unayoikata na uikaushe kivulini ukiwa umeiinua isiguse ardhi, maana ardhini kuna mchwa.

*Chandarua.* Wapambaji wengi hukificha kwa sababu wanaona kinaharibu picha. Huku kwetu chandarua ndicho pambo kuu la chumba. Kwa kitanda cha futi tano kwa sita, chandarua cha duara kinabana, mtu akijigeuza mkono unagusa wavu na mbu anamuuma kupitia hapo hapo. Tulitengeneza fremu ya mbao ya mraba, ikaning'inia kutoka kenchi kwa kamba za katani, chandarua kikafungwa kona nne. Mchana kinakunjwa na kufungwa kwa kitambaa cha kanga. Kikishafuliwa, anika kivulini, jua kali linapunguza nguvu ya dawa.

*Dari.* Bati tupu lina joto mchana na kelele usiku wa mvua. Mama hakuwa na hela ya dari la jasi. Tukatandika mikeka ya mafunjo chini ya bati, ikashikiliwa na fito za mbao zilizopakwa vanishi. Joto lilipungua na chumba kikapata rangi ya nyasi kavu. Mafunjo hayo usiende kufyeka ukingo mzima. Kata kwa zamu, acha mizizi, samaki wanazaliana humo.

*Taa.* Hapa ziwani kuna wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama wingu la moshi. Taa nyeupe kali barazani inawaita wote. Weka balbu ya rangi ya manjano yenye mwanga mdogo, na uiweke mbali kidogo na mlango. Mama alikuwa na karabai mbili za zamani za marehemu mume wake, aliyekuwa mvuvi wa dagaa. Tuliziosha, fundi wa sola akaingiza balbu ndogo ndani ya kioo. Zimekaa pembeni ya vitanda. Wageni wote huuliza habari zake, na mama huwasimulia usiku wa giza totoro ziwani unapojaa taa za wavuvi kama mji mwingine.

*Ukutani.* Nyungo mbili, kasia moja la zamani, kapu la kuvunia. Basi. Mtu mmoja alimshauri atundike nyavu za zamani. Nyavu zinakusanya vumbi na buibui. Halafu kama ni kokoro au nyavu nyingine zilizopigwa marufuku, unajitafutia maelezo ya bure kwa maafisa uvuvi.

*Vitambaa.* Pazia za kitenge, shuka nyeupe za pamba. Najua nyeupe inatisha kufua. Lakini shuka nyeupe ndiyo iliyotuonyesha unga wa dumuzi. Ingekuwa na maua, wadudu wangekaa miezi mingine sita. Mgeni naye anaiamini nyeupe kwa sababu anaiona ikiwa safi.

*Sakafu.* Acha zulia. Sakafu ya saruji iliyopigwa niru, pembeni ya kitanda mkeka mdogo wa gugumaji lililokaushwa. Lile lile linaloziba mialo yetu, likikauka vizuri linasukwa. Lianike juani mara kwa mara, maana linavuta unyevu haraka.

Na makopa? Makopa yalihama. Mama alijenga banda dogo mbali na kibanda, magunia yakawekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya kichanja. Ukuta wa mkeka ukabomolewa, ukajengwa wa tofali. Chumba cha mgeni na ghala la chakula visipakane, hata kama mzigo ni gunia moja tu.

Bafu

Bafu ndilo linalofanya mgeni arudi au asirudi. Kitanda anaweza kuvumilia usiku mmoja, ila bafu linalonuka hatalisahau.

*Maji yenyewe.* Wengi wanavuta maji ya ziwa moja kwa moja hadi bafuni. Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu, kwa hiyo kuoga tu kunatosha kuambukizwa, sio lazima unywe. Habari njema ni kwamba vijidudu hivyo, vikikosa mtu wa kumwingia, hufa ndani ya siku mbili. Kwa hiyo tuliweka matangi mawili ya lita 500 kila moja. Hesabu yake ni hii: wageni wanne, kila mmoja lita 60 kwa siku, ni lita 240. Siku mbili ni lita 480. Tangi la kwanza linatumika siku mbili huku la pili limejazwa na limetulia, halafu tunabadilisha. Bomba la kuvutia maji lina chujio la wavu konokono wasiingie, na matangi yana mifuniko mbu wasizaliane. Maji hayo ni ya kuoga. Ya kunywa yanachemshwa. Ukihesabu mapambo, haya matangi mawili ndiyo yaliyokula hela nyingi kuliko kitu kingine, na hayaonekani kwenye picha hata moja.

*Choo.* Kichocho kinachosumbua sana huku ziwani ni kile cha tumbo, na kinaenea kinyesi cha binadamu kinapofika majini. Kwa hiyo septiki iwe upande wa juu wa shamba, mbali na maji, na mgeni awekewe kibao kizuri kinachomwambia choo kiko wapi hata akiwa ufukweni. Na ukiulizwa kuhusu kuogelea, sema ukweli. Usimwambie mgeni kwamba ufukwe wako hauna kichocho kwa sababu unataka hela yake.

*Sakafu ya bafu.* Mteremko kwanza, sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Mwaga ndoo moja kabla saruji haijakauka kabisa, uone maji yanakwenda wapi. Baada ya hapo ndipo upambe. Sisi tulipata vipande vya vigae vilivyovunjika kwa muuza vigae mmoja, alikuwa anavitupa. Fundi akavipanga bila mpangilio, rangi ya udongo na nyeupe, akachanganya na kokoto za mviringo kidogo sehemu ya kusimama. Usitumie kigae kinachong'aa hapo, mtu atateleza.

*Ukuta.* Chini hadi usawa wa kifua, lipu ya saruji iliyopigwa niru. Juu yake chokaa. Karibu na dari, mstari wa matundu yenye wavu, hewa ya moto inatokea huko.

*Vitu vidogo.* Vya kutundikia taulo ni matawi ya mpera yaliyokauka na kumenywa, ule mti ni mgumu. Kioo kimezungushiwa kamba ya katani. Rafu ni ubao wa mtumbwi wa zamani, tuliukausha miezi miwili kivulini kabla ya kuupaka vanishi. Sabuni inakaa juu ya jiwe dogo la kusagia, la mama mkwe wake. Mkeka wa mafunjo hatukuweka bafuni. Tulijaribu, wiki mbili ukawa mweusi kwa ukungu. Mahali pake pamewekwa kichanja cha mbao cha kukanyagia, kila asubuhi kinatolewa juani.

*Maji machafu.* Maji ya kuogea hayarudi ziwani. Yanapita kwenye mtaro wa kokoto hadi kwenye shimo lenye matandazo, na kuzunguka shimo tumepanda migomba mitano. Mgeni akitoka kuoga anaona ndizi. Hapa ndipo nilipojisikia nimerudi kwenye kazi yangu.

Alipofikia sasa

Sitaki kukudanganya kwamba mama huyu ametajirika. Kibanda hakijai kila wiki. Wanaokuja ni walimu, watu wa semina, familia kutoka Mwanza mwisho wa wiki, na watoto wa kijiji waliohamia mjini ambao wakija msibani hawana pa kulala. Mkopo ulichelewa miezi minne kuisha, lakini umeisha. Deni la yule mdhamini lililipwa kwanza, kabla ya riba ya kikundi. Hilo alilisimamia mama mwenyewe.

Chumba cha pili bado hakijapambwa. Kina kitanda, chandarua, shuka nyeupe na nyungo moja. Mwezi uliopita nilimuuliza mbona hamalizii. Akaniambia, "Baba, hicho ndicho wageni wanakichagua."

Nikakiangalia vizuri. Dirisha lake linaangalia michungwa, na kwa mbali maji.

Nikatoka, tukakagua makopa. Ndio, kila nikienda tunakagua makopa, na nikimaliza huko naingia chumbani nagonga kitanda kwa kidole.

Ukitaka kuanza, fuata mpangilio huu

1. Pima mita 60 kutoka ukingo wa maji kabla ya kuchimba msingi. Pita halmashauri uulize habari za leseni ya kupokea wageni wa kulipia.
2. Tenga hela ya maji, choo na nyavu za madirisha. Inayobaki ndiyo ya kupambia.
3. Ghala la chakula lihame kwanza.
4. Mti wowote unaoingia ndani uwe umemenywa, umekauka na umepakwa pande zote.
5. Vitu vya kusuka viwekwe kwa namna ya kutoka, na vianikwe.
6. Lala wewe mwenyewe humo usiku mbili kabla ya mgeni wa kwanza. Oga humo, kwa maji yale yale.

Hiyo namba 6 sisi hatukuifanya. Ungekuwa usiku wangu mimi kuamka na unga usoni, na ingekuwa haki.

Makala ijayo tunarudi kwenye mihogo, tutazungumzia kuvuna na kukausha makopa yasipate dumuzi. Sasa mnajua kwa nini nimeichelewesha.

Kilimo chema.